Mlango Usio na Komeo

Basi limesimama. Shukeni, msisukumane.
Viatu vya mpira miguuni, kofia hadi masikioni:
ni Oktoba, na upepo wa Kamouraska
haumuulizi mtu mtoto wa nani.

"Huu ndio mlango wa mto," akasema Mwalimu Ghislaine.
Maëlle akatazama kulia, akatazama kushoto.
"Mlango gani? Hauna bawaba, hauna komeo,
na ile milima ya ng'ambo
ni kama mstari uliochorwa na mtu mwenye usingizi."

Ndiyo, mlango. Mpana kuliko macho yako.
Mto Saint-Laurent umetoka mbali, kwenye maziwa makuu,
umepita chini ya madaraja ya Montreal,
umebeba majani mekundu na tope la mashamba ya watu,
na ulipofika hapa ukapunguza mwendo, ukavua viatu,
kama mgeni mwenye adabu anayesikia bahari ndani.

Mwalimu ana chupa tano,
tulizijaza njiani, kila basi liliposimama.
Chovya kidole, lamba.
Ya kwanza ni maji tu. Ya pili, maji tu.
Ya tatu Léopold amekunja pua, hana hakika.
Ya nne ni chozi.
Ya tano, tema! Hiyo ni bahari.
"Sasa mto umekoma kwenye chupa ipi?"
Mwalimu akafunga vifuniko kimoja kimoja,
na hakujibu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakufika hapa.
Hapa yanamwagika, yanazoleka,
yanamwagika tena kabla ya chakula cha usiku.

Yamekupwa. Twendeni topeni, polepole,
tope la hapa lina midomo.
Tazama wando wa Bi Rolande Dumais:
miti mirefu, wavu, na kona ya kumpotezea samaki akili.
Bi Rolande ameingiza mkono hadi kwapani
akatoa kitu kirefu, cheusi, kinachoteleza kama uongo.

"Mkunga," akasema.
Ameishi mtoni miaka ishirini, jike huyu.
Alikuja mwembamba kama uzi wa sindano,
sasa anarudi kutaga kwenye bahari ya joto
ambayo hakuna aliyemwonyesha njia yake.
Mkunga asiye na mkunga!
Wengine walikwenda kwenye ndoo. Huyu, mnene kuliko wote,
Bi Rolande alimshusha taratibu kwenye mfereji:
"Nenda, mama. Usisimame njiani."

Kisha angani kelele, kelele, kelele,
mabata bukini weupe wakatua kwenye majani ya chumvi
kana kwamba mwoka mikate amekung'uta aproni yake.
Na mbali, nyuma yao, wimbi moja likakataa kuvunjika.
"Hilo si wimbi," alinong'ona Anselme,
ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno.
"Ni nyangumi mweupe. Ana mgongo."

Akakimbia kumwona. Tope likamshika.
Mguu ukatoka, kiatu kikabaki,
cha kijani, cha kushoto, kina jina lake ndani.
Tulivuta. Léopold alivuta, Mwalimu alivuta,
Bi Rolande akatazama saa, akatazama maji:
"Kiacheni. Yanarudi."
Anselme akapanda basi na soksi moja yenye tope,
akilia kimyakimya, kwa chupa ya nne.

Wiki nzima darasa lilibishana.
Maji hufuata mkondo, kwa hiyo kiatu kimekwenda baharini,
kimefika kwa nyangumi, kimefika Ulaya!
Jumanne ikaja bahasha kubwa, inanuka mwani,
kutoka Rivière-Ouelle.
Maëlle akakimbilia ramani ukutani,
akaweka kidole, akakisogeza, akanyamaza.
Rivière-Ouelle iko juu.
Kiatu kilipanda mto.

Ndani yake, konokono mmoja, mzima, amejifungia.
Mwalimu Ghislaine hakufundisha kitu siku hiyo.
Aliweka kiatu mezani, katikati ya zile chupa tano,
na Anselme akasema, kwa sauti ya watu wazima:
"Mlangoni watu huvua viatu.
Mimi nilivua kimoja tu."