Dirisha Linafungwa Saa Sita Usiku

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya fundi baiskeli na duka la mikate,
hapo ndipo kwangu.
Mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta mbili,
na moja ya hizo haina herufi R.
Riziki hakai pale. Keshajua.

Mwezi wa nne, masika yakitwanga bati,
wanaingia wa kidato cha sita, mabega yamelowa,
mitihani ya miaka kumi iliyopita wameificha ndani ya shati.
"Dada Zai, kopi tisa. Fizikia ya pili."
Mia, mia, mia.
Mwanga unapita chini ya kifuniko, unarudi,
nao wanautazama kama vile jibu liko humo.

Karatasi ikikwama
naitoa taratibu, imekunjamana, ina moto.
Mteja haitaki. Nami siitupi.
Ninazo nyingi, nimezifunga kwa kamba ya mkonge,
ndiyo shule yangu miaka sita sasa:
kemia isiyo na swali la saba,
biolojia ya moyo wenye vyumba vitatu,
cha nne kimebaki ndani ya mashine,
hesabu zilizofifia upande wa kulia, wino ukiagaaga;
nikazimalizia kwa kalamu,
nikakosea,
nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mwezi wa saba dirisha linafunguliwa.
Dirisha gani lisilo na nyavu wala bawabu,
na bado wengi wanabaki nje?
Namba zao za mtihani nimezishika kichwani
kuliko namba ya simu ya mume niliyeachana naye.

Juzi alikuja Hiza, na mama yake
kutoka Muheza, kanga inanukia machungwa.
Pointi tano. A ya biolojia, B mbili.
Nikamwambia mama, kozi ni tano za kuchagua.
"Udaktari. Zote tano."
Nikamwambia, mama, wenye pointi tatu nao wanautaka huohuo.
"Mshika mawili moja humponyoka,"
akanijibu, na kidole kakielekeza kwenye kioo,
na mimi ni nani nibishane na methali?
Tukajaza udaktari, udaktari, udaktari, udaktari.
Chuo hiki, chuo kile.
Ya tano Hiza aliijaza mwenyewe,
haraka, vidole viwili,
mama akifungua fundo la kanga kutafuta elfu tano:
Ualimu wa sayansi.
Akanitazama.
Nikabonyeza kutuma. Sikuona kitu.

Wakaondoka. Umeme ukakatika, ukarudi.
Fundi baiskeli akafunga, muuza mikate akafunga.
Riziki kaganda kwenye ile kompyuta nzima,
anajaza mkopo, mtandao unazunguka, unazunguka,
anauliza, "Dada Zai, baba asiyejulikana alipo
anaandikwa hai au marehemu?"
Nikamwambia, subiri, mwanangu. Hiyo tuijaze pamoja.

Na katika kusubiri huko
nikavuta kiti kwenye ile mbovu.
Watahiniwa wa kujitegemea. Usajili.
Mara ya kwanza nilipata F ya fizikia,
nina miaka thelathini na nne,
na mikono yangu ina wino usiotoka kwa sabuni.
Nikaandika:
ZAITUNI SEMKIWA NGODA.
Likakaa lote. Jina langu halina R.
Fizikia, kemia, biolojia: hayo ya kuchagua tu.
Mkoa, TANGA. Hewala.
Nikafika penye anwani.
BAABAA YA KUMI NA MBILI.

Nilicheka peke yangu, Riziki akageuka.
Kisha nikafungua faili lake la mwaka jana,
nikachukua ile herufi ya kwanza ya jina lake,
nikaibandika mara mbili.

Kunakili ndiyo kazi yangu.
Saa tano na dakika hamsini na moja.
Mashine bado ina joto.
Riziki, nakuja.