Uzi wa Buluu

Mwenye duka la vitu vya asili, Miyomboni,
alikipindua kikapu changu miguu juu
kama mtu anayekagua kuku mnadani.
"Na huu waya?"
Nikasema ni wa simu, ile ya mezani;
walipong'oa nguzo za Kihesa waliuacha mtaroni.
Ukiuchuna ganda unakuta rangi ndani:
chungwa, kijani, kahawia, buluu.
Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.
"Wageni wanataka Kihehe chenyewe, binti.
Nitolee takataka hizi, nitachukua kumi."

Kihehe chenyewe.
Nilipanda nalo neno hilo hadi chumbani kwangu Kitanzini,
nikaliweka mezani, nikaliangalia.
Mimi Kihehe nakisikia; kukisema
ni kama kuvaa viatu vya dada, vinanipwaya kisigino.
Mtu akiniamkia "kamwene" naijibu,
akinijulia hali mara ya pili naijibu,
ya tatu ikija nakimbilia Kiswahili
kama mtoto anayekimbilia mlango ulio wazi.
Kinamasini Kising'a nilizama hadi magoti,
wanawake wakacheka mpaka miundu ikawashuka mikononi.
Milulu yangu huanikwa juu ya bati la mwenye nyumba,
kati ya soksi za wapangaji,
na moshi unaoikausha ni wa chipsi za jirani.

Mwezi wa saba, baridi ile ya Iringa
inayomfanya mtu aongee huku mikono iko kwapani,
shangazi Sekaduma alishuka na basi la asubuhi
na kikapu cha marehemu bibi, kimefungwa kwa kanga.
Kitako kimetoboka.
"Kizibe, Filotea. Wewe si ndiye fundi wa mjini?"
Akaomba chai. Hakunifunza lolote.

Kilikuwa cheusi kwa moshi, kigumu kama unyayo.
Nikakifumua kwa sindano, polepole,
duara baada ya duara, nikirudi nyuma,
mpaka vidole vyake vikawa mbele ya vyangu,
mpaka kitovuni, pale kikapu huanzia.
Na pale kitovuni
palikuwa na uzi wa sufu. Buluu.
Si wa kinamasi chochote ninachokijua.

"Ah, huo?" Shangazi hakuinua macho kwenye kikombe.
"Sweta la baba yako la shule.
Aliliunguza mkono jikoni akiiba viazi,
akachapwa, sweta likafumuliwa.
Mwaka ule milulu ilikauka ingali michanga.
Ulitaka afanyeje?"

Nilicheka hadi mpangaji wa pili akagonga ukuta.

Lakini kodi ni kodi. Vile kumi nilivisuka,
milulu mitupu, vyeupe, vitiifu.
Mwenye duka alivihesabu, akavipindua kimoja kimoja,
akavikuta vina adabu, akalipa.
Sina cha kujitetea. Nilinunua gesi,
mchele, na betri ya tochi.

Cha kumi na moja hakiuzwi.
Hicho ni waya mtupu, rangi zote nne,
kinang'aa mezani bila haya
kama barabara ya Mshindo wiki ya Krismasi.
Mlulu umo mmoja tu,
ule nilioukata mwenyewe siku niliyozama,
bado una harufu ya tope ukiusogelea.
Umelala kitovuni,
mahali pa sweta.
Ukitaka kuuona itabidi ufumue.