Kauli ya Kutendea

Nilinunua saa mbovu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili;
mbovu ya majira tu, mashine yake nzima.
Nikaisimamisha juu ya meza ya maabara, shuleni Pongwe,
nikabandika kwenye mshale wa dakika kizibo cha soda,
pamba yenye maji, na punje moja ya kunde.
Nikawaambia Kidato cha Tatu: mzizi haufundishwi chini ni wapi.
Huu tutauzungusha mpaka usahau.

Siku tatu.
Kunde ya dirishani, kwenye kopo la maziwa,
ilikwisha zamisha mzizi, ikapinda shingo kufuata mwanga,
vumbi la saruji limeipaka unga kwenye jani.
Yetu ya saa ilinyooka tu, ikaenda mbele, ikaenda popote,
kama mtu aliyeulizwa kwao wapi, akacheka.

Mwanamvua akauliza: Mwalimu, mzizi una macho?
Nikasema una chembe za wanga, nzito kama mchanga ndani ya chupa;
zinapoangukia, huko ndiko ardhini.
Akaandika. Shemhilu hakuandika,
alikuwa akiitazama saa.

Jioni ile mbwa alimuuma kaka yangu.

Hoza, mkata katani, mrefu hata milango humgonga kumsalimu.
Juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto,
matundu mawili, damu isiyojaza kijiko.
Mbwa hakuwa wa mtu. Alikufa kesho yake, mate yanamchuruzika.
Hoza akafunga kitambaa: mwiba wa katani unaniumiza zaidi.
Mimi niliambiwa siku ya nne.

Ninafundisha ninachokijua, na adhabu yake ndiyo hii:
ninajua kilichomo ndani ya mate yale hakina haja na damu.
Damu ni njia ya kila mtu.
Chenyewe kinapita ngozi, kinapita nyama,
kama mgeni asiyekunywa chai ila nyumba moja,
mpaka kiupate uzi wa neva.
Kikiupata, hupanda. Pole pole,
kama kunde ipandavyo kamba,
kuelekea kule juu tunakokumbukia majina.
Kimelea cha malaria nacho huvuka mwili mzima
kikaanza kubisha hodi kwenye ini.
Hakuna anayepotea njia humu. Tunaopotea ni sisi wenye nyumba.

Kitabu kina neno la Kigiriki kwa haya yote.
Sisi tunachomeka sauti ndogo mkiani mwa kitenzi:
hama, hamia;
kimbia, kimbilia;
ota, otea,
na kuotea ni kuvizia pia, waliotuachia lugha walikwisha ona.
Uma, umia.
Lipo jingine, fupi kuliko yote. Sikuliandika ubaoni.

Bombo, nesi aliosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba
muda mrefu, kama anayefua doa la mtu mwingine.
Akamchoma sindano, akatuandikia siku za kurudi.

Usiku nikachukua utepe wa mshonaji, nikampima:
kifundo hadi kisogo, sentimita mia na sitini na tatu.
Akacheka. Unanishonea kanzu?
Sikumjibu. Nguo nyeupe ziko nyingi.
Tangu utotoni nimemsema kwa urefu huu,
kitanda kimekuwa kifupi, suruali haipatikani dukani,
na leo ninauhesabu kama mpiga tasbihi,
sentimita moja, nyingine, nyingine,
safari iwe ndefu, chanjo iwahi kufika.

Sindano ya tatu ni Alhamisi.

Asubuhi nimetoa betri kwenye saa. Kunde imetulia ubavu.
Saa nne Mwanamvua hakuona kitu.
Saa saba ameniita kwa mkono, bila sauti,
kama tunaomwamsha atasikia:
ncha ya mzizi, nyeupe, nyembamba kuliko uzi,
imeanza kuinama.