Mraba wa 4117

Nimeigawa Marafa kwa miraba ya mita kumi.
Kila mraba nimeupa kimo, mteremko, unyevu,
na tarakimu moja ya ushikamani, yaani
jinsi udongo unavyokataa kuuacha udongo mwenzake.
Ule mwekundu wa juu nimeupa nane.
Ule mweupe wa chini, unaosagika kama unga wa muhogo, tatu.
Kisha naleta mvua.

Kuleta mvua ni kubonyeza tu. Masika hamsini
hupita kabla chai yangu haijapoa
hapa ofisini Malindi, nyuma ya duka la vipuri,
feni ikikoroma, umeme ukiaga kila saa tisa.
Kwenye kioo ukingo wa Nyari unarudi nyuma
mraba mmoja, miwili, halafu sita kwa mpigo,
bila kishindo. Hilo ndilo linaloniudhi:
bila kishindo, bila vumbi,
bila mbuzi hata mmoja kukimbia.

Wageni huambiwa getini habari ya matajiri
waliooga maziwa hata ardhi ikawameza.
Sina safu ya maziwa.
Nina safu ya mikorosho iliyokatwa kwa makaa,
ya kalvati iliyowekwa mwaka wa barabara,
inayokusanya maji ya kijiji kizima
na kuyatapika mahali pamoja;
ya mapito ya mbuzi, ya shimo la mchanga wa kujengea.
Zote nimezijumlisha zikawa herufi moja, B,
B ya binadamu. Msimamizi wangu, Daktari Mwachiro,
alisema nianze na sifuri nukta tatu.
Tatu ya nini?
Anza tu, akasema, utarekebisha.

Ndivyo mjomba Changawa alivyoingia hesabuni,
yeye, nyumba yake, choo kipya, mizinga miwili ya nyuki.
Mraba wa 4117.
Mwaka wa thelathini na moja anaanguka.
Nikapunguza B: mwaka wa arobaini na nne.
Nikaing'oa kalvati kwa kidole, jambo ambalo
kaunti haijaliweza kwa barua saba,
na mjomba akasimama miaka mia, choo na vyote.

Nilimpelekea ramani. Aliigeuza juu chini,
akatafuta jua linakotokea, akaiweka sawa.
"Hapa pekundu ndipo kwangu?"
Ndipo.
"Na rangi hii umeitia wewe, au mashine?"
Nilinyamaza kidogo, maana ni mimi.

Novemba ikaja mvua ya kweli, isiyobonyezwa na mtu.
Usiku wa tatu Dhahabu, bintiye,
alinitumia sekunde kumi na moja za sauti:
kama gunia la mahindi likiburutwa sakafuni,
halafu kitu mfano wa pumzi.
Asubuhi nikaenda. Nyumba ipo. Kalvati ipo, imetapika.
Ukingo umekatika hatua mia mbili kusini,
mraba nilioupaka kijani,
ulioandikwa salama hadi mwisho wa karne.

Nilisimama mbali.
Kijia kilishuka hadi pale kikaishia hewani,
chembamba, kimeshindiliwa, hakioti nyasi.
Mbuzi hawapiti huko. Wageni hawapiti huko.
Misimu miwili nimepita mimi
na begi la vipimo na vijana wawili wa kubeba fito,
kila Jumanne, kwenda kupigilia vigingi
vya kujua kama ardhi inasogea.
Matundu kumi na mawili, yakinywa maji.

Mjomba hakucheka. Alisema tu,
"Kumbe nawe una uzito."

Leo nimeongeza safu.
Sijajua niiite nini; kwa sasa nimeandika M,
na mbele yake: kilo hamsini na nane, viatu, Jumanne.
Nimeleta mvua tena,
na simu nimeiegemeza kwenye kikombe
ili sauti ya Dhahabu icheze pamoja na picha.
Haziendi sambamba.
Ardhi ya kioo huanguka kwanza,
kishindo hufika baadaye,
mahali pakishakuwa kimya.