Funua Tule

Mimi ni fundi wa redio, Limbani, kibanda cha bati la buluu.
Natengeneza sauti; sura hazinihusu.
Basi msiniulize tena nani yule
apigaye gitaa kavaa kawa.

Kawa, ndiyo, hili hili la ukili,
la kufunikia chakula inzi wasitue,
jekundu na zambarau, ncha juu kama kichuguu,
matundu mawili kayatoboa kwa msumari wa moto.
Siku ya kwanza, harusi ya Jadida,
watoto walicheka mpaka wakakaa chini.
Mzee mmoja akapiga kelele: "Funua tule!"
Uwanja mzima ukaitikia: Funua! Tule!

Akapiga.

Yakhe, sijui niseme vipi.
Nilikuwa nimeshika waya, nikasahau una umeme.
Alianza na kitu kidogo, cherehani
ikishona pindo la kanga, tiki tiki tiki,
halafu sindano ikakatika,
halafu mvua ya vuli juu ya mabati ya skuli
na vidole havionekani tena, vimekuwa pangaboi,
halafu ghafla noti moja, moja tu,
akaivuta ikapinda kama mtu anayetaka kulia
mbele ya wakwe.
Walaji wakabaki na matonge hewani.
Bibi harusi, aliyeusiwa asinyanyue macho, akanyanyua.

Gitaa lenyewe aibu: shingo ni tendegu la kitanda,
uzi wa tatu ni waya wa breki ya baiskeli,
spika nimemfungia mimi, imetoka redio ya mbao.
Maneno hasemi. Ukimuuliza bei, hupiga nyuzi mara tano:
elfu hamsini. Ukimpunja, hupiga mara moja, nene,
ukajiona mwizi.
Kati ya wimbo na wimbo huchomoa upawa kiunoni
akauzungusha vidoleni kama askari wa gwaride,
na watoto huwagawia vipande vya kadi za simu
alivyovikata pembe tatu, vya kukwarulia nyuzi
ambazo hawana.

Klabu ya taarabu ilimchukua, miezi miwili ikamrudisha:
"Mwimbaji anangoja zamu yake mpaka shada linanyauka."
Wakubwa wakaja kutoka Unguja na mkataba na kamera.
Sharti: uso.
Akakunja waya zake, akapanda baiskeli,
akashika njia ya Bopwe na kawa kichwani,
taratibu, akipiga kengele.
Kaseti alirekodi kwangu, usiku, umeme ukiwa na nguvu:
thelathini na moja. Majina kaandika mwenyewe.
Mkate Ulioungua Upande Mmoja.
Kuku wa Bi Raya Kapotea.
Ya Saba, Usiisikilize Umeshiba.

Wambea walisema kaungua uso. Wengine: jini.
Wengine: mtoto wa sheha, anaona haya.
Miye nilimjua kwa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
kilichopinda nje kama mkono wa kikombe.
Nilikikuta mahali pengine,
chini ya jeneza la Bi Mwanakhatibu, msuka kawa wa Kipangani.
Kidole kile kile,
na juu yake uso wa kawaida kabisa,
uso wa mtu wa kukuuzia mafuta ya taa,
umelowa.
Nikapokea upande wangu. Nikatazama mbele.
Funika kombe.

Miezi minne kimya. Kisha harusi ya Mtemani,
akaja na kawa jipya, baya:
ukili wa kijani umekwenda upogo, mishono ya kitoto,
ncha imelala.
Watu wakaanza, "Funua..."
na sauti ikawaishia kooni, hata sijui kwa nini,
hawakujua kitu.
Akapiga cherehani ile ile, polepole,
akaruka pale sindano inapokatika.
Umeme ukazimika. Sikuukimbilia.
Tulisogea, watu mia mbili, goti kwa goti,
kuusikia waya wa baiskeli.