Upungufu wa K

Sanduku la herufi lilikuja kwa meli, likapanda reli hadi Moshi,
limepangwa kwa ajili ya vinywa vya watu wengine:
e zimejaa hadi kumwagika,
k chache kama meno ya mtoto wa miezi saba.
Baba akapanga tangazo lake la kwanza, mnada wa kahawa,
katika, kila, kilo, kwa,
na kufika mstari wa nne kijumba cha k kilikuwa kitupu.

Nyuma ya soko la Mbuyuni, kati ya fundi saa na muuza mbegu,
tulichapa kadi za kipaimara, risiti za ushirika,
ratiba za mazishi zenye wino unaokuja na vidole.
Baba, Eliakunda, alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada
kuhusu wachapaji wa Amerika wa zamani za wafalme:
mchana walichapa kalenda za wakulima,
usiku vijikaratasi vya kumwambia mfalme, basi.
Watu walioitazama radi wakasema,
hii si hasira ya mtu, ina njia yake, tuitafutie chuma.

Hiyo radi baba aliipenda kuliko yote.
Mwaka ilipoua ng'ombe wawili kule Kibosho
na majirani wakaanza kutajana majina,
alipanda juu ya bati na fito ya chuma,
akateremsha waya hadi penye unyevu, kwenye migomba.
"Akili," alisema akishuka, suruali imechanika nyuma,
"haina ukoo."

Kitabu kikamfundisha na daftari la fadhila:
safu saba za siku saba,
Kiasi, Kimya, Bidii, Usafi, Haki,
na kila ulipoteleza, nukta moja ya wino.
Mimi nilidhani ni hesabu ya karatasi.

Nililifungua baada ya arobaini.
Kwenye Kimya, nukta kama mtama uliomwagiwa kuku
(alikuwa msemaji, hata maiti wake tulimwona kama anayetaka kuongeza neno).
Bidii, nyeupe.
Lakini Haki: nukta, nukta, nukta,
Jumatatu hadi Jumapili, wiki kumi na tisa,
na pembeni, kwa penseli: Ndelamio.

Ndelamio alikuwa mvulana wa gurudumu.
Ndiye aliyechonga k zetu
kwa shina la mbuni mzee, kwa wembe na msumari,
zikitazama kinyume kama herufi inavyotaka,
sitini ndogo, kumi na mbili kubwa.
Alilala chini ya meza ya kukatia.
Mshahara wake: chakula, na "tutaona mwisho wa mwezi."
Uhuru ulipokuja na kila mtu akataka mabango,
neno "haki" lilitoka kwa wembe wake.

Nikarudi kwenye kitabu, pale wale mabwana
wanapousifu usawa wa binadamu kwa kurasa tatu,
na ile penseli ilikuwa imeuliza ukingoni:
Na aliyewashikia mshumaa wakiandika, alikuwa mali ya nani?
Swali zuri, baba.
Ng'ambo ya bahari uliliuliza kwa maneno,
nyumbani kwa nukta.

Nilimkuta Uru, mzee sasa, akizibua mfereji kwa jembe.
Nilibeba bahasha.
Alinawa, akahesabu mara mbili, taratibu, bila aibu,
akaniambia imepungua.
"Zile kubwa kumi na mbili hujaziweka."

Nikampa k moja niliyokwenda nayo mfukoni.
Aliigeuzageuza, akaipuliza vumbi,
akaniuliza kama mashine bado inaguna upande wa kushoto.
Nikasema tuliiuza kwa kilo, chuma chakavu.
Hakusema kitu. Aliitia k mfukoni mwake
akarudi kwenye tope lake, maji yalikuwa yakimsubiri.

Kesho ni Jumamosi.
Benki inafunga saa sita.