Picha ya Nyonga

Kwenye dirisha la jikoni, hapa Muyeye,
nimebandika picha ya nyonga.
Jua likipanda upande wa bahari
mifupa inawaka, myeupe kama muhogo uliomenywa,
na kila mgeni huuliza: ni nani huyo aliyevunjika?

Hajavunjika. Ni Simbi, mbwa wangu wa Kijerumani,
siku alipotimiza miaka miwili.
Daktari Nyevu alipitisha ukucha juu ya filamu:
"Tazama, Tsuma. Kichwa cha mfupa kimekaa kikombeni
kama yai kiotani. Huyu anaweza kuzaa."
Nami, mtu mzima, nikatoka nje nikalia kando ya pikipiki.

Kwa sababu yule wa kwanza sikumpiga picha.

Yule wa kwanza niliachiwa na Mwitaliano aliyefunga hoteli yake,
pamoja na karatasi ya ukoo yenye muhuri wa dhahabu,
majina ya wazazi na mababu kumi na wanne.
(Wangu mimi nawajua wanne tu.)
Nikadhani karatasi ndiyo afya.
Nikampandisha na kaka yake aliyekuwa Watamu,
damu ile ile, sura ile ile, masikio yamesimama kama minara,
na watoto tisa nikawauza wakiwa na wiki tano
kama maembe ya msimu: lete hela, chukua.
Wa tisa tulimwita Tosha,
maana maziwa yalikuwa yamekwisha.

Nilimwona tena baada ya miaka mitatu,
machimboni, nyuma ya Ganda,
mnyororo umefungwa kwenye gurudumu la trekta,
sufuria kavu,
kupe wamejaa masikioni kama kunde.
Alinijua kabla sijamjua.
Alijaribu kusimama.
Mbele ikakubali. Nyuma ikakataa.
Mkia ukapiga vumbi, pa, pa, pa,
akinikaribisha mimi
niliyemtengeneza hivyo.

Nilimnunua kwa bei mara mbili. Mlinzi alicheka mpaka akakohoa.

Basi, ndugu Mwaringa, usinikasirikie.
Umekuja na tuktuk kutoka Mambrui, pesa mfukoni,
unataka jike, unataka azae kila anapoingia joto,
na mimi nakuhoji kama mjomba wa bibi harusi:
Ua wako una kivuli? Mchana atashinda na nani?
Nani atamkimbiza ufukweni alfajiri,
kabla mchanga haujaanza kuunguza nyayo?
Chanjo ya kichaa atachomwa lini?
Ukihamia Mombasa, yeye atahamia wapi?
La mwisho hukulijibu. Ulitazama viatu vyako.

"Ni mbwa tu," ukasema.

Bi Khuzaima wa pili hapa hamgusi Simbi hata kwa ncha ya kanga.
Akipita hukusanya buibui lake.
Lakini mchana wa kaskazi, mimi nikiwa kazini,
huteremsha ndoo ya maji ukutani kwa kamba
na kuguna peke yake: "Kiumbe kina kiu."
Hampendi. Ila hamsahau.
Sikuombi zaidi ya hapo, kwa kuanzia.

Watoto wana wiki sita. Hakuna atokaye kabla ya nane.
Karatasi ya ukoo utaipata, muhuri na yote,
lakini juu yake nimebana yangu, ya kalamu ya biki:
ukishindwa, mrudishe hapa.
Hata saa nane za usiku. Hata akiwa mzee.
Hata kama umeona haya.

Njoo Jumamosi, mikono mitupu.
Vua viatu, keti sakafuni, usimwite yeyote;
atakayekuja mwenyewe, tutazungumza juu yake.
Na huyo aliyelala chini ya sinki, usimruke.
Mzunguke.
Hapendi mlio wa chuma.
Funguo zako
mwachie dereva wa tuktuk.